Fimbo ya Kuazima

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari 1964, king'ora kililia katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, mahali ambapo leo panaitwa Lugalo. Maafisa wa Kiingereza walitoka vitandani mbio kwenda kuikabili hatari, wakakuta hatari yenyewe imevaa sare ya kikosi chao. Askari wao waliwakamata, wakawafungia katika chumba cha walinzi, kisha wakapanda magari kuelekea mjini. Hadi kunapambazuka walikuwa wameshika uwanja wa ndege, kituo cha redio na posta, na wengine walikuwa wamefika Ikulu kumtafuta Rais.

Hawakumpata. Julius Nyerere na makamu wake, Rashidi Kawawa, walikuwa wamekwisha fichwa. Aliyetoka kuzungumza na waasi ni Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Madai yalikuwa mawili. La kwanza, maafisa wa Kizungu waondoke na nafasi zao zishikwe na Waafrika. La pili, mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Hawakudai nchi, walidai nyota za begani na shilingi za mfukoni. Lakini kwa siku tano zilizofuata nchi ilikuwa mikononi mwao, wapende wasipende, kwa sababu bunduki zote zilikuwa mikononi mwao.

Wanaofundisha elimu ya siasa husema kwamba dola ni mamlaka ambayo peke yake, katika mipaka yake, ina haki ya kutumia nguvu. Mwanafunzi huikariri kauli hiyo kwa ajili ya mtihani, akaisahau. Watu wa Dar es Salaam waliisoma barabarani. Tanganyika ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa na kiti katika Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1961. Asubuhi ile vyote hivyo vilikuwa mahali pake, na bado maduka yalivunjwa mchana kweupe, watu wakauawa, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenye bunduki aache.

Jeshi la urithi

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapo, ni lazima kuangalia jeshi lenyewe lilitoka wapi. Tanganyika haikuunda jeshi, ililirithi. Vikosi vilivyokuwa sehemu ya King's African Rifles, jeshi la mkoloni katika Afrika Mashariki, vilibadilishiwa jina siku ya uhuru vikawa Tanganyika Rifles: kikosi cha kwanza Colito, cha pili Tabora. Jina na beji vilibadilika, amri haikubadilika. Mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na chini yake maafisa wengi walikuwa Waingereza.

Serikali changa ilikuwa imetangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna hata mmoja kati yao anayepigwa kwa bunduki, na hivyo jeshi likabaki pembeni, kama shoka la babu lililoegeshwa nyuma ya mlango. Askari nao waliona wenzao wa umri wao, waliosoma kidogo kuwashinda, wakipanda vyeo serikalini. Kisha mapema mwezi huohuo wa Januari Nyerere aliagiza kwamba katika utumishi wa umma raia wote wapewe haki sawa bila kuangalia rangi. Kwa falsafa ya usawa ulikuwa uamuzi wa heshima. Kwa koplo aliyekuwa akisubiri nyota kwa miaka, ulisikika kama mlango unaofungwa.

Siku nane kabla ya maasi, tarehe 12 Januari, Mapinduzi yalikuwa yameiangusha serikali ya Sultani Zanzibar. Nyerere alipeleka polisi wapatao 300 visiwani kusaidia kutuliza hali. Kwa hiyo usiku ule wa king'ora, nguvu pekee ambayo ingeweza kusimama kati ya jeshi na Ikulu ilikuwa imevushwa bahari.

Moto haukuishia Dar es Salaam. Kesho yake Tabora iliasi, na huko luteni mmoja kijana aliyesomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Mrisho Sarakikya, alijitahidi kuwazuia askari wasifanye mabaya zaidi. Tarehe 23 kikosi cha Jinja, Uganda, kikaasi. Tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, Kenya. Nchi tatu, serikali tatu, jeshi moja lililogawanywa mafungu. Ugonjwa uliokuwa katika fungu moja ulikuwa katika yote.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Januari ile nyoka aliuawa kwa fimbo ya mbali, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Meli ya kubeba ndege ya Uingereza, HMS Centaur, ilikuwa imeondoka Aden na kukaa tayari karibu na pwani, ikiwa imebeba makomandoo wa kikosi cha 45. Nyerere alikuwa amekwisha jitokeza, amezunguka mjini kwa miguu na kusema na wananchi kwa redio. Lakini mazungumzo na waasi hayakuwa yakielekea popote, na zilikuja habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wakiwasiliana na askari. Maasi ya mishahara yalikuwa karibu kugeuka kuwa mapinduzi. Serikali ikaandika barua ya kuiomba Uingereza msaada.

Alfajiri ya tarehe 25 Januari helikopta zilishuka Colito. Brigedia Douglas, aliyekuwa ametoroka na kufika melini, alirudi pamoja na makomandoo na kuwataka askari wake wa zamani, kwa kipaza sauti, wajisalimishe. Mapigano yalikwisha haraka. Askari wachache waliuawa, mamia wakakamatwa, wengine walitimkia porini na kusakwa. Kilichoshindikana kwa siku tano kilimalizwa kabla ya watu kunywa chai.

Nyerere hakuficha kwamba aliona aibu. Alichokiomba kilikuwa halali kabisa: serikali inayotambuliwa, ikiwa katika ardhi yake, iliomba kwa hiari msaada wa rafiki. Hakuna mwanasheria ambaye angepata kasoro. Lakini kuna tofauti kati ya mamlaka yanayoandikwa katika hati na mamlaka yanayoweza kusimama bila kushikiliwa. Hati ilisema Tanganyika ni nchi huru. Helikopta zilisema uhuru huo ulikuwa umerudishwa na yuleyule aliyekuwa ameutoa miaka miwili tu nyuma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kuokolewa ilikuwa kumpata mwokozi mwingine ili wa kwanza aende zake. Februari 1964 mawaziri wa nchi wanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa dharura. Umoja huo haukuwa umetimiza hata mwaka mmoja, nao ulikuwa umejengwa juu ya kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya mwanachama. Sasa mwanachama mwenyewe alikuwa akifungua mlango na kuwaomba ndugu waingie. Wakakubali, na kikosi cha Nigeria kikaja kulinda nchi wakati jeshi jipya likiandaliwa. Ilikuwa bado ni fimbo ya kuazima, ila safari hii iliazimwa kwa ndugu.

Tanganyika Rifles ilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likichota vijana wake kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na Jeshi la Kujenga Taifa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa yule luteni wa Tabora, Sarakikya. Msingi wa JWTZ ulikuwa tofauti kabisa na ule wa Waingereza waliofundisha kwamba askari hana siasa. Hapa askari alitakiwa awe na kadi ya chama na ajue anamlinda nani na kwa nini.

Maasi yaliacha pia jambo jingine ambalo halitajwi sana katika sherehe. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilikuwa imepitishwa tangu 1962. Sasa ilitumika kuwafungia viongozi wengi wa wafanyakazi bila kufikishwa mahakamani. Mwezi uliofuata maasi shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, na mahali pake pakaundwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamanishwa na TANU. Maneno "usalama wa taifa" yalianza kuwa panga lenye makali mawili: upande mmoja linakata adui, upande wa pili linakata ulimi wa raia anayelalamika. Tangu hapo kila kizazi cha Watanzania kimelazimika kuuliza upande upi unatumika.

Wajerumani wawili

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kazi ya mambo ya nje ikawa ya Muungano, na papo hapo Muungano ukajikuta umerithi ugomvi wa watu wengine.

Ujerumani wakati huo ilikuwa mbili. Ile ya Magharibi ilikuwa imejiwekea msimamo tangu 1955, uliopewa jina la Walter Hallstein, afisa mkuu wa wizara yake ya mambo ya nje: kwamba yeye peke yake ndiye anayewakilisha Wajerumani, na nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya jambo lisilo la kirafiki. Sasa Zanzibar, katika wiki zake za mwanzo baada ya Mapinduzi, ilikuwa imekwisha itambua Ujerumani Mashariki na kuipokea kwa ubalozi kamili, na Ujerumani hiyo ikaahidi kuwajengea watu nyumba za kisasa. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa na urafiki na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikifundisha kikosi cha anga na kutoa misaada ya maendeleo. Siku ya kuungana, bwana harusi na bibi harusi walikuja kila mmoja na mjomba wake, na wajomba wenyewe hawasalimiani.

Kutambua nchi nyingine huonekana kuwa adabu tu ya kidiplomasia, lakini kumbe ni silaha. Anayetambuliwa hupata kuishi machoni pa dunia. Anayenyimwa hubaki kivuli. Ndiyo maana Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ilikuwa tayari kulipa fedha nyingi ili Berlin Mashariki ibaki kivuli, na Berlin Mashariki ilikuwa tayari kujenga majumba visiwani ili isiwe kivuli. Kati yao alisimama Nyerere, aliyekuwa na Muungano mchanga wa kulinda. Kama angemlazimisha Abeid Karume, kiongozi wa Zanzibar, kuwafukuza Wajerumani wa Mashariki kwa aibu, angeutikisa Muungano. Kama angeuacha ubalozi, angeikosa Bonn.

Akatafuta njia ya katikati. Februari 1965 alitangaza kwamba ubalozi wa Zanzibar utafungwa, na Ujerumani Mashariki itaruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila Tanzania kuitambua kama nchi. Bonn haikuridhika. Iliwaondoa mara moja walimu wake wa kikosi cha anga, na kudokeza kwamba misaada mingine nayo ingeangaliwa upya.

Hapo Nyerere alifanya jambo ambalo mabalozi wengi hawakulitarajia kutoka kwa nchi maskini. Aliwaambia waichukue misaada yao yote ya kiserikali, hata ile ambayo hawakuwa wameigusa. Hesabu yake haikuwa ya fedha. Aliona kwamba akikubali fedha itumike kumwamulia balozi yupi akae wapi, kesho itatumika kumwamulia ampigie nani kura Umoja wa Mataifa, na keshokutwa ampe nani hifadhi. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika, na FRELIMO ilikuwa imeanza vita dhidi ya Wareno Msumbiji tangu Septemba 1964. Nchi yenye wageni wa namna hiyo haiwezi kukubali kuulizwa na mfadhili nani analala nyumbani mwake.

Ukataaji ule ulikuwa na ujasiri, lakini ulikuwa pia na akili ya mfanyabiashara. Tangu Agosti 1964 Wachina 11, walimu pamoja na wakalimani wao, walikuwa wamekubaliwa kuja kulifundisha jeshi jipya, na nchi za Magharibi zikapiga kelele. Mwaka 1965 Kanada, mwanachama wa kambi ya Magharibi lakini asiye na historia ya kutawala Afrika, ilituma timu yake ya kijeshi, iliyokaa hadi 1970. Februari hiyohiyo ya mgogoro na Bonn, Nyerere alikuwa Beijing. Juni waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, alikuja Dar es Salaam. Watu husema kutofungamana na upande wowote ni kukaa katikati bila kugusa pande mbili. Walivyofanya Watanzania ilikuwa kinyume chake: walizigusa zote. Anayeazima kwa mmoja ni mtumwa wa huyo mmoja. Anayeazima kwa wengi anaweza kumrudishia mmoja fimbo yake bila kubaki mikono mitupu.

Simu na hofu

Wingi wa marafiki, hata hivyo, huleta wingi wa mashaka. Novemba 1964 Kambona alitangaza kwamba zimepatikana barua zinazoonyesha njama za nchi za Magharibi, zikishirikiana na Wareno, za kuipindua serikali. Watu wakaandamana. Marekani ikasema barua ni za kughushi, na mwezi uliofuata Nyerere akaikubali kauli hiyo na kuufunga mjadala. Lakini hofu haifungwi kwa tamko.

Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja akiwa Dar es Salaam na mwingine Zanzibar, walizungumza kwa simu juu ya namna ya kuishawishi Washington, nao wakatumia lugha ya mafumbo, ya silaha na risasi, wakiwa na maana ya hoja nzito. Waliokuwa wakisikiliza laini waliyachukua maneno kama yalivyo. Wote wawili wakafukuzwa nchini kwa kupanga njama. Marekani nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania, na balozi wa Tanzania akarudishwa nyumbani. Yule wa Zanzibar, Frank Carlucci, miaka mingi baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Ni rahisi leo kucheka. Lakini kiweke kisa hicho mahali pake: mwaka mmoja umepita tangu askari wafike Ikulu, Kongo jirani inawaka moto, na Novemba ndege za Marekani zimewashusha huko makomandoo wa Ubelgiji, Wareno wako ng'ambo ya mto Ruvuma. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Katika uhusiano wa mataifa vita vingi vimeanzia pale ambapo kila upande unajilinda, na kujilinda kwake kunaonekana kwa mwenzake kama kujiandaa kushambulia. Safari hii hakuna risasi iliyofyatuliwa. Yaliyoharibika ni mahusiano, na hayo yalihitaji miaka kutengenezwa.

Heshima na hundi

Jaribio la mwisho la kipindi hicho lilikuja kutoka kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wa Wazungu wachache. Uingereza, mwenye koloni kwa sheria, ilikataa kutumia nguvu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliokutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba uliazimia: kama Uingereza haitauzima uasi huo kufikia tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zivunje uhusiano nayo.

Wanachama walikuwa zaidi ya 30. Siku ilipofika, waliotekeleza walikuwa tisa, na Tanzania ikiwamo. Uingereza ilikuwa imekubali kuipa Tanzania mkopo wa pauni milioni 7.5, ukazuiwa. Kwa nchi yenye bajeti ndogo kama ile, hiyo haikuwa fedha ya kutupa. Uhusiano haukurudishwa hadi 1968. Hata hivyo Tanzania haikujitoa katika Jumuiya ya Madola. Iligombana na serikali moja bila kuwapoteza wengine waliokaa meza hiyo.

Ulinzi wa pamoja una tabia hiyo: azimio hupigiwa kura na wote, lakini gharama hulipwa na wachache. Na tazama mzunguko wake. Januari 1964 Uingereza ilituma helikopta kuzima maasi ya askari Waafrika waliodai mshahara. Desemba 1965 haikutaka kutuma hata askari mmoja kuzima maasi ya walowezi waliopora nchi. Aliyepanga kuitegemea fimbo ile alipata jibu: mwenyewe ndiye huamua ni nyoka yupi wa kupigwa.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipoonya juu ya hatari ya kutegemea fedha za nje, halikuwa likizungumza nadharia. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na walimu wa anga walioondoka na mkopo wa Uingereza uliozuiwa. Si kwamba Tanzania iliacha kupokea. Miaka ya 1970 ilipokea misaada mingi sana, kutoka Skandinavia, Benki ya Dunia na China, iliyoijenga reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 baada ya nchi za Magharibi kukataa. Kujitegemea kulikuwa na kasoro zake, na njaa za miaka ile na viwanda vilivyosimama ni ushahidi. Lakini hapakutokea tena mfadhili mmoja aliyeweza kuifumba nchi mdomo kwa kufunga mfuko wake peke yake.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, na siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba ardhi ya Tanzania kaskazini mwa mto Kagera ni mali ya Uganda. Jeshi lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964 lilikwenda kuirudisha. Halikuishia mpakani: tarehe 11 Aprili 1979, likiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliingia Kampala. Nyerere, aliyewashawishi wakuu wenzake wa Afrika mjini Cairo mwaka 1964 waheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, alikuwa sasa na askari wake katika mji mkuu wa jirani. Katika mkutano wa Monrovia Julai mwaka huo alilaumiwa mbele ya wakuu wa Afrika, na miongoni mwa waliomlaumu alikuwamo kiongozi wa Nigeria, nchi ambayo kikosi chake kiliwahi kuilinda Tanganyika isiyo na jeshi.

Wanajeshi wa Tanzania walibaki Uganda hadi 1981. Serikali mpya ya Kampala haikuwa na jeshi la kuaminika, na kwa muda ule ilisimama kwa sababu bunduki za jirani ziliishikilia. Dar es Salaam ilikuwa imeacha kuazima fimbo. Sasa ilikuwa ikiazimisha, na Waganda wakaanza kuhesabu siku za mwenye fimbo kuondoka.